Sura ya Nne: Pembe Mbili za Bampa

Gari la marehemu lilikuwa limewekwa kwenye kona ya yadi ya polisi, chini ya banda la mabati, pua imekunjamana hadi karibu na kioo cha mbele. Ukilitazama kwa mbele ungedhani limetafunwa. Lilikuwa na umri wa miaka miwili tu.

Inspekta, mwanamke kijana, alisimama kando, jalada kwapani, akawaacha wafiwa walitazame kwanza. Walikuwa wawili. Mmoja ni mjane, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuja kuchukua vitu vya mumewe. Wa pili ni kaka mkubwa wa marehemu, dereva wa miaka na miaka, ambaye kila mtu alimwita Chuma. Jina hilo lilitokana na gari lake. Alikuwa akiliendesha lile la marehemu baba yao, la miaka arobaini na mbili, na mpaka leo lilikuwa likibeba abiria asubuhi na jioni.

Chuma aligonga boneti kwa kifundo cha kidole. Likalia kama debe tupu.

"Umesikia, Inspekta? Hili nalo wanaliita gari. Langu ukiligonga hivi, unaumia wewe."

"Shemeji," mjane alisema taratibu, "basi."

"Siyo basi, shemeji. Nilimwambia siku ileile alipolileta nyumbani. Nikamwambia, mdogo wangu, umenunua boksi la biskuti lenye magurudumu. Akacheka. Leo yuko wapi?"

Inspekta alifungua jalada, akaipitia tena ripoti ya trafiki ingawa alikuwa ameshaijua kwa moyo. Siku tatu zilizopita, saa tisa alasiri, marehemu, daktari wa mifugo, alikuwa akiteremka barabara ya machimbo akitoka kutibu ng'ombe. Kwenye kona ya pili gari liliacha njia, likaporomoka bondeni, likagonga mwamba. Chuma alikuwa akija nyuma kwa mbali. Ndiye aliyeukuta mwili, na ndiye aliyepiga simu polisi, saa tisa na dakika hamsini na mbili. Mwili ulikuwa nje, hatua kumi kutoka kwenye gari, kichwa kimepasuka. Trafiki walimaliza kazi kwa mistari minne: breki zilikatika, maana barabarani hapakuwa na alama za matairi, dereva hakufunga mkanda, alirushwa nje, gari halikuwa imara.

"Hapo penye mkanda," Inspekta alimwambia mjane, "nasikia unapinga."

"Napinga, na nitapinga mpaka kesho. Mume wangu alikuwa anafunga mkanda hata akitoa gari kivulini kulipeleka juani. Watoto walikuwa wakimcheka. Aliwaambia, chekeni, lakini na nyie fungeni."

"Siku moja moja mtu husahau," Chuma alisema.

"Yeye alisahau siku ya kuzaliwa kwangu kila mwaka, shemeji. Mkanda hakusahau."

Inspekta aliandika maneno hayo kama yalivyo. Alimkabidhi mjane mkoba wa dawa za mifugo, miwani na jozi ya buti za mpira, akamtaka atie saini kwenye fomu, akawasindikiza hadi getini. Chuma alimfungulia shemeji yake mlango wa gari lake, akaufunga kwa kishindo kilichosikika hadi ng'ambo ya barabara.

*

Fundi wa polisi alikuwa mzee mfupi mwenye kipara, aliyestaafishwa mara mbili na kurudishwa mara mbili, kwa kuwa hakupatikana mwingine aliyeyajua magari ya enzi zote. Alimkuta Inspekta amechuchumaa mbele ya pua iliyokunjamana.

"Fundi, nijibu bila kuzunguka. Magari ya siku hizi ni dhaifu kuliko ya zamani?"

"Unauliza kwa upande wa gari au wa mtu aliyemo?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Tena kubwa, mwanangu. Gari la zamani likigonga mwamba, linabaki vilevile. Unaosha damu, unanyoosha bampa, wiki ijayo liko barabarani na dereva mwingine." Aliweka kiganja kwenye mabati yaliyojikunja. "Hili limeundwa lijivunje. Pua inakula kishindo chote, ndani kisifike. Ukitaka gari la kurithisha wajukuu, tafuta la zamani. Ukitaka kuwaona hao wajukuu, panda hili. Hebu kaa humo."

Inspekta alifungua mlango wa dereva. Ulifunguka bila ubishi. Aliketi. Magoti hayakugusa chochote. Usukani ulikuwa mahali pake, mfuko wa hewa umening'inia kama shati lililoanuliwa. Kioo cha mbele kilikuwa na nyufa, lakini hakikuwa na tundu.

"Alirushwa nje kupitia wapi?" aliuliza.

"Swali hilo nimelisubiri siku tatu," Fundi alisema. "Vuta mkanda."

Mkanda ulikuwa umelegea, haurudi. Fundi aliunyoosha kwenye mwanga. Pale unapopita kwenye kipete cha begani, nyuzi zilikuwa zimeng'aa na kushikamana kana kwamba zimepigwa pasi ya moto.

"Mkanda mtupu hauungui hivi. Hapa palikuwa na mtu mzima, na ulimshika. Kifua kingemuuma wiki mbili. Mikono ingeweza kuvunjika kwa mfuko wa hewa. Lakini kichwa kingepasukia wapi? Kwenye mto?"

Inspekta alishuka, akaufunga mlango, akaufungua tena. Akaufunga.

"Na breki?"

"Nipe mpaka saa saba. Na wewe nenda kamwone aliyezigusa mara ya mwisho."

*

Aliyezigusa mara ya mwisho alikuwa mama mwenye gereji karibu na stendi, mwanamke mnene aliyevaa ovaroli na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipoona kitambulisho cha polisi, spana ilimponyoka.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Tangu juzi silali. Nilimbadilishia pedi za breki za mbele siku moja kabla ya ajali. Watu wameanza kuniambia nimeua daktari wa ng'ombe wao."

"Umeua?"

"Inspekta!"

"Nauliza kwa sababu ripoti inasema breki zilikatika."

Mama mwenye gereji aliingia ndani, akarudi na mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na pedi zilizochakaa, zimefungwa kwa karatasi yenye namba ya gari. Kumbe huwa hatupi kitu cha mteja kabla ya mwezi kwisha, ili mtu asije akadai hakubadilishiwa. Halafu alileta daftari la kazi. Marehemu alikuwa ametia saini chini ya maneno "gari limejaribiwa".

"Tulilijaribu wote wawili, kwenye mteremko huohuo wa machimbo. Lilishika mpaka nikagonga kichwa kwenye kiti. Sasa mtu atoke hapa breki nzima, kesho yake zikatike? Labda zikatwe."

"Zikatwe na nani?"

"Sijui. Mimi nasema tu." Alisita, akafuta mikono kwenye ovaroli. "Lakini siku hiyo hakuja kwa ajili ya pedi peke yake. Aliniomba nimwandikie karatasi ya kitaalamu kuhusu gari la kaka yake. Mimi nimeshalipandisha juu ya shimo la gereji, nalijua. Kwa juu linang'aa kama sahani ya wageni. Chini, chesisi imeliwa na kutu, kidole kinapita. Mikanda hakuna. Daktari alisema ameongea na kaka yake mpaka midomo imekauka, na sasa anapeleka barua kwa wakaguzi wa magari liondolewe barabarani kabla halijaua abiria."

"Aliipeleka lini?"

"Asubuhi ya siku aliyokufa. Alinipigia simu kunishukuru."

Inspekta alifunga daftari lake. Mama mwenye gereji alimtazama kwa woga.

"Kwa hiyo mnanikamata?"

"Hapana. Ila hizo pedi nipe, na risiti ya kupokelewa utapata."

*

Saa saba na robo Fundi alikuwa amelala chali chini ya gari, miguu tu inaonekana. Alijisukuma nje, akaketi hapohapo sakafuni.

"Breki hazikukatika. Mabomba mazima, mafuta yamejaa, pedi mpya. Hao trafiki walitafuta alama nyeusi za matairi kama za magari ya zamani. La zamani ukikanyaga breki kwa hofu, gurudumu linaganda na kuburuzika, linaacha mstari. Hili linashika na kuachia, linashika na kuachia, haraka kuliko mguu wa mtu. Haliachi mstari wa kuonekana kirahisi. Siyo kwamba hakukanyaga." Aliinuka akishika kiuno. "Na kukanyaga alikanyaga. Njoo uone."

Kompyuta ndogo ilikuwa juu ya pipa, imeunganishwa na gari kwa waya. Fundi alielekeza kidole chenye grisi kwenye skrini bila kuigusa. Ilikuwa na mstari wa tarakimu: mwendo wa gari, sekunde kwa sekunde, kabla ya kugonga.

"Arobaini na sita kwa saa. Arobaini na nne. Hapa anakanyaga breki mpaka chini, ona, thelathini na moja. Sasa soma inayofuata."

"Arobaini na tatu," Inspekta alisoma. Akakunja uso. "Ameachia breki?"

"Hajaachia. Mguu uko chini vilevile. Gari lenye breki nzima, limekanyagwa mpaka mwisho, linaongeza mwendo. Mimi nimefanya kazi hii miaka thelathini na nane, na najua njia moja tu ya jambo hilo kutokea."

"Limesukumwa."

"Limesukumwa. Na kitu kizito."

Wote wawili walizunguka hadi nyuma ya gari. Bampa la nyuma lilikuwa zima, jeupe, halina hata mkunjo. Inspekta alilipapasa.

"Hapa hapana kitu, Fundi."

"Hivyo ndivyo kila mtu alivyoona. Hii ni plastiki, mwanangu. Ukiisukuma inabonyea, ukiiacha inarudi. Inakuficha ugonjwa." Alichukua bisibisi, akafungua vishikizo kimoja kimoja, akalivua lile ganda na kulilaza chini.

Nyuma yake kulikuwa na sponji ngumu, na nyuma ya sponji mhimili wa chuma. Sponji ilikuwa imepondwa mahali pawili, upana wa ngumi kila mahali, na mhimili nao umebonyea palepale. Fundi alinyoosha tepu ya kupimia. Kutoka katikati ya shimo moja hadi la pili zilikuwa sentimita tisini na mbili. Ndani ya shimo la kulia, Inspekta aliona kitu kinachometa. Alikitoa kwa kibanio: ganda jembamba la kromu, madini ya kung'arishia chuma, dogo kama ukucha wa mtoto.

"Ni gari gani linagonga kwa vidole viwili?" aliuliza.

"Lenye bampa la pembe. Zile nguzo mbili za chuma zilizosimama mbele ya bampa. Hakuna anayetengeneza tena. Mara ya mwisho kuziona kiwandani, mimi nilikuwa na nywele."

Inspekta alilitia lile ganda kwenye bahasha, akaandika saa na tarehe.

"Kuna kingine," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Gari hili linaandika kila mlango au mkanda unapofunguka. Liligonga mwamba saa tisa na dakika ishirini na moja. Halafu kimya. Saa tisa na thelathini na mbili, mlango wa dereva unafunguliwa. Dakika moja baadaye, mkanda wa dereva."

Inspekta alifungua jalada, akatafuta karatasi ya hospitali iliyoandikwa mwili ulipopokelewa. Mstari wa pili ulisema mifupa ya mikono yote miwili ilikuwa imevunjika chini ya viwiko. Alimwonyesha Fundi. Yule mzee aliusoma, akavua kofia.

*

Chuma alikuwa nje ya nyumba yake, ndoo pembeni, akilisugua gari lake. Inspekta alimwacha getini Sajini aliyekuja naye, akaenda peke yake.

"Karibu, binti. Umekuja kupanda gari la kweli?"

"Nimekuja kulitazama, Mzee Chuma. Unaruhusu?"

"Tazama mpaka uchoke."

Inspekta alichuchumaa mbele. Bampa lilikuwa la chuma kinachometa, na pembe mbili zimesimama kama askari wa zamu. Alitoa tepu. Sentimita tisini na mbili. Pembe ya kulia ilikuwa na doa dogo lililopakwa rangi ya fedha. Alilikwangua kidogo kwa ukucha. Rangi ilitoka, bado mbichi.

"Hapa palibanduka lini?"

"Zamani hizo. Miaka kumi, kumi na mbili."

"Na rangi?"

Chuma aliendelea kusugua mlango. "Rangi juzijuzi."

"Siku ya ajali ulimkuta mdogo wako nje ya gari, ameshafariki?"

"Nimeshawaambia."

"Ulimgusa?"

"Sikumgusa. Nilipiga simu, nikasubiri."

"Sikiliza, mzee." Inspekta alisimama. "Gari la mdogo wako lina kumbukumbu. Linasema alikanyaga breki, na kitu kikamsukuma kwa nyuma. Kwenye chuma chake kuna mashimo mawili yenye kipimo cha pembe zako, na ndani yake kipande cha bampa lako. Linasema pia kwamba alikaa amefunga mkanda kwa dakika kumi na mbili, halafu mtu akamfungulia. Yeye hakuweza. Mikono yote ilikuwa imevunjika."

Kitambaa kiliangukia kwenye ndoo. Chuma aliketi kwenye ngazi ya nyumba, mikono magotini.

"Nilitaka kumtisha," alisema hatimaye. "Wakaguzi walinipigia saa nane, wakaniambia nilete gari, limeshtakiwa. Nikauliza na nani. Wakanitajia. Damu yangu mwenyewe, Inspekta! Mimi niliacha shule nikaendesha gari hili ili yeye asome. Nikamfuata. Nikampigia honi asimame tuongee, hakusimama. Nikamgusa nyuma kidogo. Lake likaondoka kama pipa."

"Halafu?"

"Nikashuka bondeni. Alikuwa hai. Anaongea. Nikaona lile gari lilivyopondeka, nikajua litawaka moto, maana limejaa nyaya tupu. Nikamfungua, nikamvuta. Ni mzito, na pale pana kokoto. Nikateleza naye. Kichwa kikapiga jiwe." Alimwangalia Inspekta machoni. "Nilikuwa namwokoa. Mungu ni shahidi."

"Kwa nini hukusema hivyo siku ya kwanza?"

"Niliogopa."

Simu ya Inspekta ilitetemeka mfukoni. Alikuwa daktari wa hospitali, aliyemaliza uchunguzi wa mwili mchana huo. Inspekta alisogea hatua mbili, akasikiliza bila kusema zaidi ya "ndiyo" na "una hakika?" Alishukuru, akarudi kwenye ngazi.

"Mzee Chuma, uliteleza mara ngapi?"

"Mara moja. Kwani mtu anateleza mara ngapi?"

"Daktari amehesabu majeraha matatu. Yote mahali pamoja, upana wa mkono mmoja, na vumbi la jiwe lilelile."

Gari lilikuwa likidondosha maji, tone baada ya tone. Sajini alikuwa ameshaingia ndani ya geti, amesimama.

"Alisema nini kule chini?" Inspekta aliuliza. "Umesema alikuwa anaongea."

Chuma alijibu akiitazama ndoo.

"Nilikuwa nimeshamtoa. Nimemlaza vizuri. Nikamwomba aseme breki zilikatika, basi, yaishe kati yetu. Akasema hapana. Akasema, nitamwambia mama." Alifuta uso kwa kiganja kilichojaa povu. "Mtu mzima, ana watoto wanne. Vilevile kama tulivyokuwa wadogo. Nitamwambia mama."

Inspekta aliyaandika yote, akamsomea polepole, akamwonya kwamba maneno hayo yatapelekwa mahakamani, akampa kalamu. Chuma alitia saini. Sajini alitoa pingu.

"Niombe kitu kimoja," Chuma alisema. "Mama asije akaambiwa na askari. Niacheni nimwambie mwenyewe."

Sajini alimtazama Inspekta na kutikisa kichwa. Utaratibu haukuruhusu. Inspekta alinyoosha mkono, akapokea simu ya Chuma.

"Dakika moja. Namba nitabonyeza mimi, na nitasikia kila neno."

Chuma alizitaja tarakimu moja baada ya nyingine. Inspekta alifungua sauti ya nje, akaishika simu kati yao. Iliita mara mbili.

"Ni wewe, baba?" Sauti ilikuwa ya bibi kizee, imechoka kwa kulia, lakini ilichangamka ilipojua ni nani. "Uko wapi mpaka saa hizi? Njoo ule, mwanangu. Tangu juzi hujatia kitu tumboni, na mimi sasa nimebaki na wewe tu."

Inspekta alimsogezea simu. Chuma aliinamisha kichwa.

"Mama," alisema, "kaa kitako kwanza. Kaa kitako, nikuambie."